Kusajili ufafanuzi wa faili la data: hesabu baiti kwanza

Programu ya kusimamia data za majaribio inalijua faili lako kwa kadiri ulivyoieleza tu. Ukisema namba ya akaunti ni namba kamili, itakutolea rekodi 10,000 zilizopoteza sifuri za mwanzo, na mfumo unaozipokea utazikataa zote. Yalishanikuta, tena usiku wa kuamkia majaribio. Tangu hapo nusu ya kazi hii naimaliza kabla sijafungua programu.

Hatua ya 1: Tafuta faili halisi. Waraka wa muundo peke yake hautoshi, maana faili hubadilika na waraka ukabaki vilevile. Kama lina taarifa za watu, omba nakala ambayo taarifa hizo zimeshafichwa.

Hatua ya 2: Tambua aina yake. XML haina shida: pakia skima ya XSD (faili linaloeleza muundo wa XML), basi. Kwa CSV (jedwali la maandishi matupu), taja kitenganishi, alama ya kunukuu na msimbo wa herufi, kama UTF-8. Angalia pia baiti 3 za mwanzo. Zikiwa EF BB BF, ni alama ya UTF-8 isiyoonekana kwa macho. Usipoitaja, huenda ikajibandika kwenye jina la uga wa kwanza (uga ni sehemu moja ya rekodi, kama jina au salio), na programu ikadai uga huo haupo ilhali unauona.

Hatua ya 3: Pima faili la upana maalumu, yaani lile ambalo kila uga una idadi yake ya baiti, bila kitenganishi. Hapa usiwe na haraka. Chukua uga huu kutoka kopibuku (maelezo ya muundo wa rekodi) ya COBOL, lugha ya zamani ya programu:

`05 SALIO PIC S9(7)V99 COMP-3.`

Tarakimu ni 9 (7 kabla ya nukta, 2 baada yake), na kwa COMP-3, yaani namba iliyofungashwa, kila moja inakaa katika nusu baiti. Nusu baiti ya mwisho hubeba alama ya chanya au hasi. Jumla ni nusu baiti 10, yaani baiti 5. V haichukui nafasi yoyote, nukta yake ni ya kudhaniwa tu. Ukiandika urefu wa baiti 9 au 10, nyuga zote zinazofuata zitasogea. Ukikuta REDEFINES, eneo ni lilelile lenye sura mbili, kwa hiyo usilijumlishe tena.

Kisha gawanya ukubwa wa faili kwa urefu wa rekodi. Faili la baiti 60,000 lenye rekodi za baiti 120 zisizo na alama ya mwisho wa mstari lina rekodi 500 kamili. Ikibaki hata baiti moja, rudi ukahesabu upya. (Au aliyelihamisha kutoka mainframe, kompyuta kubwa ya taasisi, aliruhusu herufi zigeuzwe njiani. Hilo huharibu nyuga za COMP-3, na hakuna ufafanuzi utakaoziponya.)

Hatua ya 4: Sajili. Weka jina, toleo, halafu aina za rekodi: kichwa (ya kwanza), mwili, mkia (ya mwisho). Idadi ya rekodi iliyo kwenye mkia iwe fomula, isiwe namba uliyoiandika kwa mkono. Muundo ukibadilika, fungua toleo jipya. Ukifuta la zamani, seti za data zilizolitegemea zitakwama.

Hatua ya 5: Ingiza, toa, linganisha. Ingiza faili, litoe bila kugusa kitu, kisha linganisha mawili hayo kwa `cmp` kwenye Linux au `fc /b` kwenye Windows. Tuseme `cmp` imeonyesha tofauti ya kwanza kwenye baiti ya 250. Rekodi mbili za baiti 120 zimepita salama, kwa hiyo uko kwenye baiti ya 10 ya rekodi ya tatu. Fungua ufafanuzi, tafuta uga unaoshika baiti hiyo, uanze nao. Uga huo ukiwa sawa, kagua ule unaoutangulia.