Kunasa pumzi ya udongo kwa maji ya chokaa

Kaboni iliyovutwa na majani kutoka hewani huishia udongoni, ambako bakteria na kuvu huila na kuitoa tena kama hewa ukaa. Utoaji huo hauonekani kwa macho, lakini maji ya chokaa huunasa.

Tafuta chokaa ya unga iliyozimwa, yaani iliyokwisha kutiwa maji, isiyotiwa gundi wala rangi. Ile ya mabonge ambayo haijazimwa iache: ikiguswa na maji huchemka na kuruka machoni. Tia vijiko 2 vya chai katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, funga, tikisa, acha usiku kucha. Nyingi itatuama, kwani lita moja huyeyusha chini ya gramu 2. Chuja maji angavu ya juu kwa kitambaa na ujaze chupa hadi shingoni.

Yajaribu kwanza. Puliza kwa mrija ndani ya maji kidogo, bila kuyavuta. Yakibaki angavu baada ya dakika moja, chokaa yako imechacha: gunia lilikaa wazi, ikanywa hewa ukaa na kurudi kuwa kalisi kaboneti. Ndiyo hali iliyokuwa nayo kabla ya tanuu, maana matumbawe yanayochomwa pwani kupata chokaa ni kalisi kaboneti hiyo hiyo. Yakigeuka meupe, ni mazima: weupe huo ndio kalisi kaboneti. Ukizidi kupuliza weupe huyeyuka tena. Maji yenye hewa ukaa yalichimba mapango ya Amboni, Tanga, katika mawe ya chokaa kwa njia hiyo.

Sasa weka gramu 200 za udongo wa juu, wenye unyevu, katika chombo cha lita 1 chenye mfuniko. Simamisha juu yake kikombe kidogo chenye mililita 30 za maji ya chokaa, kisha funga kabisa. Chombo cha pili kiwe na udongo huo huo uliopikwa kwa mvuke saa moja na kupozwa ukiwa umefunikwa. Usikiruke hiki: hewa yenyewe ya chombo itaacha utando mwembamba, nawe unatafuta tofauti.

Baada ya saa 24, kikombe cha udongo hai huwa na gamba jeupe zito. Vikilingana, mara nyingi udongo ulikuwa mkavu mno, au umelowa hadi hewa haipiti. Unaoshikana ukifumbatwa bila kudondosha maji unafaa. Kwa udongo wa mchanga usio na mboji, changanya kijiko cha pumba na usubiri siku mbili.