SOMO: Kuchagua kasha la kompyuta ya gemu linalopoza vizuri kwa bei ya kawaida

Inbox yangu imejaa swali moja: "Mkuu, nichukue kasha gani?" Chini yake picha tano, zote kioo mbele na taa za rangi. Naandika hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Nipo Dar, chumba changu hakina kiyoyozi. Januari na Februari hewa ya chumbani peke yake inafika nyuzi 32, na hewa hiyohiyo ndiyo feni zinayovuta kupozea vifaa. Feni haiwezi kushusha joto la kifaa likawa chini ya joto la chumba. Kwa hiyo sisi wa pwani kasha baya linatuumiza kuliko anayejenga mashine Ulaya.

Hatua ya 1. Jua saizi ya madabodi, yaani bodi kuu inayobeba vifaa vyote. ATX ni milimita 305 kwa 244, micro-ATX ni 244 kwa 244. Kasha la ATX linabeba zote mbili. La micro-ATX halibebi ATX.

Hatua ya 2. Angalia urefu wa kadi ya michoro kwenye tovuti ya mtengenezaji, ulinganishe na nafasi ya kasha. Kama namba ya kasha imepimwa bila feni za mbele, toa milimita 25 za unene wa feni.

Hatua ya 3. Kimo cha kipozaji cha prosesa. Thermalright Peerless Assassin 120 SE, kwa mfano, kina milimita 155. Kwenye kasha linaloishia 150, ubavu haufungi.

Hatua ya 4. Uso wa mbele. Hapa ndipo pesa za watu zinapopotea, someni taratibu. Uso uwe wa wavu, wavu wa kweli unaopitisha mwanga ukiushika mbele ya taa ya simu. Kuna makasha yana kioo mbele na upenyo mwembamba pembeni, halafu nyuma ya kioo zimepangwa feni tatu zinazong'aa. Zinazunguka, zinapiga kelele, hewa ya kuvuta hakuna. Kadi inameza hewa yake yenyewe iliyokwisha kupata moto, inapandisha feni zake, na ikizidiwa inapunguza kasi ili isiungue. Wewe unaona gemu linakwama, unaanza kulaumu kadi. TAHADHARI: kuna plastiki yenye matundu ya urembo ambayo nyuma yake imezibwa. Ukiwa dukani Kariakoo omba kuubandua uso wa mbele uangalie kwa macho. Muuzaji akikataa, nenda duka linalofuata. TAHADHARI ya pili: idadi ya feni isikudanganye. Wavu wenye feni mbili za kawaida unashinda kioo chenye feni sita.

Hatua ya 5. Feni mbili za milimita 120 mbele zikivuta ndani, moja nyuma ikitoa. Hewa ya feni hutoka upande wenye fremu inayoshikilia mota, kwa hiyo mbele upande huo uangalie ndani. Ingizo likizidi kidogo utoaji, vumbi linapita kwenye chujio badala ya kila upenyo.

Hatua ya 6. Chujio la mbele na la chini ya pawa saplai yawe ya kuchomoka. Basi.

Kwa majina: DeepCool CC560 inakuja na feni nne na uso wa wavu. Corsair 4000D Airflow ina feni mbili na nafasi ya kadi ya milimita 360. Ukipata mtumba wa makasha haya ulio mzima, chukua, kasha halichakai kama kadi.

MASWALI

Swali: Mkuu sijasoma yote, kwa kifupi lipi zuri?
Jibu: Hatua ya 4.

Swali: Hili lina kioo mbele ila feni sita za RGB (taa za rangi), si litapoa tu?
Jibu: Hatua ya 4, tahadhari ya pili.

Swali: Acha kutisha watu. Mimi natumia kasha la kioo miaka miwili, kadi yangu ya GTX 1650 haijawahi kusumbua.
Jibu: Simtishi mtu. GTX 1650 inakula wati 75, kadi ya RTX 3060 inakula 170. Joto la kutoa ni zaidi ya mara mbili. Weka 3060 humo ucheze mchana wa Februari, kisha ulete namba.

Swali: Samahani mkuu, mbona kasha la Lian Li O11 Dynamic lina kioo mbele na bado linasifiwa?
Jibu: Swali zuri sana. Ile inavuta hewa kwa ubavuni na chini, mbele haitegemewi. Tatizo ni bajeti, O11 Dynamic ya kwanza inauzwa bila feni hata moja, kwa hiyo jumlisha bei ya feni zote. Na kama unataka kujua kasha lako linabanwa au la: fungua HWiNFO (programu inayoonyesha joto la vifaa), cheza gemu nusu saa, andika joto la kadi. Bandua uso wa mbele, rudia gemu lilelile. Likishuka nyuzi mbili, uko salama. Likishuka nane au kumi, uso ule unaziba.

Swali: Nina kompyuta ya ofisi ya Dell OptiPlex 9020, naweza kuihamishia kwenye kasha la wavu?
Jibu: Inawezekana ila utasumbuka. Madabodi yake inatumia plagi ya umeme ya pini 8 badala ya 24 za kawaida, na waya za swichi ya mbele hazilingani na za kasha la dukani. Utahitaji adapta. Mimi ningeweka akiba ninunue madabodi mpya.

Swali: Huku Dodoma vumbi ni balaa. Wavu si utajaza vumbi ndani?
Jibu: Chujio litajaa haraka kweli, ndiyo kazi yake. Lichomoe kila wiki mbili, lioshe kwa maji, likauke kabisa kabla ya kurudisha. Usiweke kasha sakafuni wala juu ya zulia.

Swali: Na blowa je, naruhusiwa?
Jibu: Ndiyo, mashine ikiwa imezimwa na waya umechomolewa. Shika kila feni kwa kidole isizunguke, maana upepo wa blowa unaizungusha kupita kasi yake na kuharibu beringi. Na pulizia nje, usipulizie sebuleni.