Melk hadi Krems kwa baiskeli: namna ya kulipita bonde la Wachau bila haraka

Anzia Melk, malizia Krems. Bonde la Wachau, Austria, lina urefu wa kilomita 36 hivi kati ya miji hiyo miwili, na Mto Danube unatiririka kuelekea Krems. Mteremko wenyewe ni mdogo mno, miguu haiusikii. Kinachosikika ni upepo: hapa mara nyingi huvuma kutoka magharibi, kwa hiyo anayetoka Melk husukumwa mgongoni, na anayetoka Krems hupambana nao siku nzima. Kwa mwendo wa kilomita 12 hadi 15 kwa saa, kupiga pedali kwenyewe ni kama saa tatu. Hata hivyo tenga siku nzima, maana mashamba ya mizabibu ya bonde hili yanataka kutazamwa.

Baiskeli

Baiskeli ya kawaida ya mjini yenye gia saba inatosha. Njia karibu yote ni ya lami, lakini vijiji vya zamani vina mitaa ya mawe, na hapo tairi nyembamba iliyojazwa hadi kuwa ngumu kama chuma huumiza viganja na kiuno. Tairi yenye upana wa milimita 40 ijaze upepo hadi shinikizo la bar 3 hadi 3.5. Usishushe sana chini ya hapo: ukingo wa jiwe utaikandamiza tyubu dhidi ya rimu, nayo itatoboka matundu mawili sambamba. Kiti kipime hivi: kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Kiti kilicho chini ndicho chanzo cha magoti mengi yanayouma kabla ya kufika nusu ya njia.

Beba tyubu moja ya akiba, vijiti viwili vya kubandulia tairi, viraka, pampu, maji lita moja na nusu, na pesa taslimu za euro kwa ajili ya vivuko na vibanda vya matunda. Sheria ya Austria inadai kengele, breki mbili zinazojitegemea na viakisi mwanga. Mtoto wa chini ya miaka 12 lazima avae helmeti.

Ng'ambo ipi?

Njia ya baiskeli ipo pande zote mbili za mto, na hili ndilo swali linaloamua siku yako. Ushauri wetu ni kuanza na ukingo wa kusini, kisha kuvuka mto kwenda Spitz, kijiji cha ukingo wa kaskazini. Sababu ni ya kilimo. Sehemu ya juu ya bonde, karibu na Melk, ni nyembamba na yenye misitu; mashamba ya mizabibu ya ngazi hushamiri kuanzia Spitz kuteremka, ukingo wa kaskazini, kwenye miteremko inayolielekea jua la kusini. Ukipita kusini kwanza unapata utulivu, bustani za aprikoti na magari machache, kisha unayaona matuta ya Spitz yote kwa pamoja kutoka ng'ambo kabla ya kuingia ndani yake.

Kati ya daraja la Melk na lile la Mautern, karibu na Krems, hakuna daraja jingine, ni vivuko tu. Kile cha Arnsdorf, ukingo wa kusini, kwenda Spitz hakina injini ya kukisukuma: kimefungwa kwenye waya uliotandazwa juu ya mto, nahodha hukiinamisha kidogo dhidi ya mkondo, na maji yenyewe hukipeleka ng'ambo. Kwa sababu hiyo hutegemea hali ya mto. Danube hapa hautuami nyuma ya bwawa, hupita huru, na maji yakijaa kivuko husimama na vipande vya njia hufunikwa. Mafuriko ya 2002, 2013 na Septemba 2024 yalikuwa makubwa. Baada ya siku kadhaa za mvua ulizia kabla ya kuondoka Melk. Kikiwa kimesimama, vuka daraja la Melk na upite kaskazini mwanzo hadi mwisho. Hupotezi kitu, kwani utapita Willendorf, ambako mwaka 1908, reli ilipokuwa ikijengwa, kilifukuliwa kisanamu cha mwanamke chenye urefu wa sentimita 11 na umri wa miaka 30,000 hivi. Chenyewe kimehifadhiwa Vienna.

Spitz hadi Dürnstein

Punguza mwendo hapa. Njia inapita St. Michael, Wösendorf, Joching na Weißenkirchen, kisha Dürnstein: kilomita 12 hivi, mizabibu ikiwa karibu kiasi cha kuguswa.

Tazama kuta za matuta. Zimepangwa kwa mawe matupu, bila saruji wala chokaa, na huo si upungufu. Maji ya mvua hupenya katikati ya mawe. Ukuta uliozibwa ungeyazuia nyuma yake hadi usukumwe na kuanguka. Mchana mawe hunyonya joto, usiku huiachia mizabibu polepole, huku hewa baridi ikishuka kutoka nyanda za juu za Waldviertel. Tofauti hiyo ya joto ndiyo inayozipa zabibu za Grüner Veltliner na Riesling harufu yake. Mijusi ya kijani hujificha humo, na divai nzito kuliko zote za hapa, yenye kileo kuanzia asilimia 12.5, huitwa Smaragd, yaani zumaridi, kwa heshima yao. Kwa hiyo usipande juu ya ukuta kutafuta picha. Jiwe moja la juu likichomoka, mvua inayofuata huondoka na mengine, na mkulima huyarudisha kwa mkono.

Kipande hiki ni njia ya wakulima pia. Septemba na Oktoba, wakati wa mavuno, matrekta hutangulia. Simama pembeni uyapishe. Tope na zabibu zilizopondwa huteleza kwenye kona, basi funga breki kabla ya kona, si ndani yake.

Aprikoti huchanua kati ya mwisho wa Machi na katikati ya Aprili, na huvunwa Julai. Nunua kibandani, usichume mtini. Julai ndani ya bonde huwa na joto kali. Ondoka Melk mapema asubuhi.

Shada la matawi likining'inia mlangoni, mkulima amefungua nyumba yake na anauza divai yake mwenyewe. Kikomo cha kileo kwa mwendesha baiskeli ni 0.8 kwa elfu kwenye damu, lakini glasi moja na chakula ni busara zaidi.

Dürnstein ingia ukikokota baiskeli: mtaa ni wa mawe, mwembamba, na hujaa watu. Ngome iliyobomoka mlimani ndiyo alimofungwa mfalme Richard wa Uingereza baada ya kukamatwa Desemba 1192. Kupanda ni kwa miguu, kwa hiyo funga baiskeli chini.

Kurudi

Kutoka Dürnstein hadi Krems ni kilomita 7 hivi, tambarare, kupitia Loiben na Stein. Treni ya kwenda Vienna hufika kituo cha Franz-Josefs-Bahnhof kwa saa moja hivi. Baiskeli hukatiwa tiketi yake, na wikendi nafasi huwahi kujaa. Ikiwa baiskeli ni ya kukodi na lazima irudi Melk, ulizia kwanza kama treni ya msimu ya ukingo wa kaskazini bado inafika Emmersdorf, ng'ambo ya Melk; ikifika, unavuka daraja tu. Meli za abiria nazo hubeba baiskeli, ila kwenda juu dhidi ya mkondo huchukua saa tatu hivi, kwa hiyo asubuhi, kabla hujaanza safari, hakikisha saa ya meli ya mwisho.