Kuchagua Kichujio cha Takataka kwa Sampu ya Tangi la Samaki

Sampu ni tangi la pili linalokaa chini ya tangi la samaki. Maji hushuka kutoka juu kwa bomba la kufurikia, hupita katika vyumba vilivyotenganishwa kwa vipande vya kioo, kisha pampu huyapandisha tena. Kazi ya chumba cha kwanza ni kuzuia takataka zinazoonekana kwa macho, yaani kinyesi, mabaki ya chakula na majani yaliyokatika, kabla hazijafika kwenye vyumba vya bakteria na kwenye pampu yenyewe. Wanaonunua vifaa vya chumba hiki huuliza kwanza ni kipi kinachuja vitu vidogo zaidi. Swali hilo lina nafasi yake, lakini kwa anayefuga samaki katika joto la Tanga lipo la kutangulizwa: kichujio hicho utakisafisha kila baada ya siku ngapi?

Sababu yake ni kwamba kichujio hakiutoi uchafu nje ya maji. Kinaukusanya mahali pamoja tu, na maji yote ya tangi yanaendelea kupita juu yake usiku na mchana. Ukiachwa hapo unaoza na kutoa amonia, ambayo bakteria huigeuza kuwa naitraiti na baadaye naitreti, na kazi hiyo yote hula oksijeni ambayo samaki wanaihitaji. Maji yasiyo na chumvi yenye nyuzi joto 25 hubeba takriban miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita, lakini yakifika nyuzi 30, hali ya kawaida kwenye nyumba za pwani kuanzia Desemba hadi Machi, hubeba takriban 7.6 tu, na maji ya bahari hubeba pungufu ya hapo. Joto hilohilo linaharakisha kuoza. Kwa hiyo kichujio laini sana ambacho mwenyewe hukisafisha mara moja kwa mwezi ni kibaya kuliko sponji ya kawaida inayosuuzwa kila Jumamosi.

Sponji ndiyo ningemshauri mtu aanze nayo. Sponji za kazi hii hupimwa kwa idadi ya vitundu katika urefu wa inchi moja. Yenye vitundu 10 ni pana, yaani ya vitundu vikubwa, kiasi kwamba ukiinyanyua kwenye mwanga unaona upande wa pili, nayo hunasa kinyesi kikubwa na vipande vya majani. Ya 20 hunasa vya kati, ya 30 huyafanya maji yang'ae, na ya 45 hunasa hata vumbi jepesi lakini huziba upesi mno. Pana hutangulia na laini hufuata, kwa mwelekeo wa maji, kwa kuwa laini ikitangulia itabeba mzigo wote peke yake na ile pana itabaki safi bila kazi. Katika sampu nyingi za nyumbani, sponji ya 10 au 20 ikifuatiwa na ya 30 inatosha.

Unene wa sponji si jambo kubwa kama watu wanavyodhani, kwa sababu uchafu mwingi hunaswa karibu na uso unaopokea maji. Cha kutafuta ni upana wa uso huo. Kipande chenye upana wa sentimita 40 kilichosimamishwa katika maji ya kina cha sentimita 20 kina uso wa sentimita za mraba 800, ilhali kipande cha sentimita 40 kwa 30 kilicholazwa kwenye trei yenye matundu, maji yakiangukia juu yake, kina 1,200. Trei ina faida nyingine ambayo haiandikwi kwenye boksi: unainyanyua na uchafu wake wote. Sponji iliyosimama ndani ya maji, ukiivuta, humwaga sehemu ya uchafu wake kwenye chumba kinachofuata, hivyo zima pampu kwanza na uitoe taratibu.

Kwa kuwa vifaa maalumu havipatikani kila duka, wengi hutafuta mbadala. Sponji ya godoro inapatikana kwa mafundi wa makochi wa Ngamiani, hapa Tanga, ila mimi siipendekezi. Baadhi yake vitundu vyake vimefungwa, na hili unaligundua kwa kuweka mdomo na kupuliza, kwani pumzi isipopita, maji pia hayatapita vizuri. Nyingine huwekwa dawa ya kupunguza kuwaka moto, na hiyo huwezi kuiona wala kuinusa. Pamba ya kujazia mito ni mbadala mzuri wa safu ya mwisho, mradi iwe poliesta tupu isiyotiwa manukato wala dawa. Kilo moja hukatwa vipande vingi, na kila kimoja hutupwa kikichafuka. Pamba ya hospitali isitumike, kwa sababu ni mmea nayo huoza. Kuhusu chandarua, kikiwa kimetiwa dawa, jibu ni hapana hata kama ni cha zamani. Dawa zake, kama permethrini na deltamethrini, ni sumu kali kwa samaki na kamba hata zikiwa kidogo sana, na vyandarua hivyo hutengenezwa ili dawa ihimili kufuliwa angalau mara 20, basi kukisuuza ndoo mbili tatu hakusaidii kitu.

Soksi ya kuchujia ni mfuko wa kitambaa unaoning'inizwa chini ya bomba la kushukia. Zinazouzwa zaidi ni za mikroni 100 na 200, na mikroni 1,000 hufanya milimita moja. Hung'arisha maji kuliko sponji, na katika tangi la maji ya bahari lililojaa kiza baada ya mchanga kuvurugwa, soksi ya mikroni 100 huyarudisha katika hali yake ndani ya saa chache. Gharama yake ni kuosha. Katika tangi lenye samaki wengi, soksi ya kitambaa kizito huziba ndani ya siku tatu hadi saba, na ikiziba maji hupita juu ya mdomo wake yakiwa na uchafu wote, kama kifumbu kilichojaa machicha kinavyokataa kupitisha tui. Anayechagua soksi na awe nazo nne au tano ili moja ikiwa kazini nyingine zinakauka juani. Ile ya neti ya nailoni huoshwa kwa urahisi zaidi, lakini huachia vitu vidogo kuliko ile ya kitambaa.

Iko pia mashine inayovuta karatasi ya kitambaa kutoka kwenye roli, ikijisogeza yenyewe kila sehemu moja inapochafuka, hivyo uchafu hutolewa kabisa kwenye maji. Ni kifaa kizuri kwa mtu anayesafiri mara kwa mara. Kabla hujakinunua, hakikisha unajua roli za akiba utazipata wapi na kwa bei gani, kwa kuwa bila roli ni boksi tupu.

Chochote utakachochagua, lazima maji yawe na njia ya kupita siku kichujio kitakapoziba. Ukingo wa juu wa sponji uwe chini ya ukingo wa kioo cha nje cha sampu kwa sentimita tano hivi, ili maji yakizidi yapite juu ya sponji kwenda chumba kinachofuata badala ya kumwagika sakafuni. Hapo utapata pia kipimo cha bure. Sponji ikiwa safi, maji ya pande zake mbili yanakaribiana kimo. Ukiona upande wa kuingilia umepanda vidole viwili kuliko wa kutokea, muda wa kusafisha umefika, hata kama siku yake haijafika. Usilichanganye hili na maji kukauka kwa joto, ambako chumba cha pampu pekee ndicho hushuka huku vya nyuma vikibaki palepale.

Umeme unapokatika, maji ya juu huendelea kushuka mpaka yafike usawa wa mdomo wa kufurikia. Tangi la sentimita 120 kwa 50 likishusha sentimita 3 humwaga lita 18. Sampu ya sentimita 90 kwa 40 hupanda sentimita 5 kwa kiasi hicho, na soksi au trei iliyowekwa chini sana itazama, uchafu uelee kutoka ndani yake. Jaribu mwenyewe kwa kuchomoa pampu siku za mwanzo, kichujio kikiwa kimechafuka kidogo, na uache nafasi isiyopungua sentimita 10 juu ya maji ya sampu. Bomba la kurudishia maji kutoka kwenye pampu nalo litobolewe tundu dogo karibu na uso wa maji ya juu ili livute hewa, vinginevyo litanyonya maji kurudi chini na hesabu hiyo yote itavurugika.

Kusafisha sponji kufanyike siku ya kubadilisha maji, ndani ya ndoo ya maji yaleyale uliyoyatoa, kwa kuikamua mpaka maji yake yawe ya rangi ya chai nyepesi. Haihitaji kuwa mpya. Maji ya bomba ya Tanga, yanayotoka Mto Zigi kupitia bwawa la Mabayani, hutiwa klorini ambayo huua bakteria wazuri walioishi ndani ya sponji. Soksi ni habari nyingine, kwa kuwa haitegemewi kwa bakteria. Igeuze ndani nje, ipige maji ya nguvu, iloweke kwenye maji yenye jiki kidogo, isuuze sana na uianike mpaka harufu iishe kabisa. Sabuni isiikaribie.

Mwisho angalia samaki wako. Samaki wa dhahabu hula sana na kuchafua sana, hivyo wape sponji ya vitundu vikubwa yenye uso mkubwa. Mbuna wa Ziwa Nyasa huchimba mchanga, na bila sponji ya 30 mchanga huo utafika kwenye pampu na kula mhimili wake. Anayefuga matumbawe asiache soksi laini kazini muda wote, kwa kuwa hunasa pia vijidudu vidogo ambavyo matumbawe hula. Aitumie kwa siku mbili tu baada ya kusafisha tangi, kisha aitoe. Na mwenye tangi la vifaranga azungushie sponji ya 30 kwenye mdomo wa kufurikia huko juu, maana kifaranga kikishashuka hadi kwenye trei ni vigumu kukikuta hai.