Hii mila ni ya kipagani au sio? Jinsi ya kuichunguza ukiwa Mkristo

Mtu akikufowadia video inayosema pete ya ndoa imetoka kwa wapagani wa Kirumi usikimbilie kuivua, na wala usimjibu kwa hasira, maana kwenye hilo la pete jamaa yuko sahihi. Warumi walikuwa na pete za uchumba tangu kabla Ukristo haujafika kwao, Pliny Mzee, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, anataja pete ya chuma tupu aliyokuwa anapelekewa mchumba, na mwaka 866 Papa Nikolao I akiwaandikia Wabulgaria anaitaja pete kama sehemu ya taratibu za kuoana kwa Wakristo. Sasa uivue? Kwa Warumi pete ilikuwa rehani ya ahadi, yani mambo ya makubaliano kati ya watu, sio kitu cha madhabahuni. Kwahiyo kujua mila imetoka wapi ni mwanzo tu, bado kuna maswali mengine.

Anza na ushahidi. Uliza nani alisema, lini, na aliishi karibu na jambo lenyewe au alikuja baadae sana. Hapa ndo video nyingi zinapokufa. Chukua ile ya kwamba Pasaka ni sikukuu ya Ishtar, mungu mke wa Babeli. Aliyeisambaza sana hoja ya aina hiyo ni Alexander Hislop, mchungaji wa Scotland, kuanzia kijitabu chake cha mwaka 1853, na inasimama kwenye majina kufanana kimatamshi kwa Kiingereza, maana kwa Kiingereza Pasaka ni Easter. Wengine wanaileta kwa Eostre, mungu mke wa Waingereza wa zamani, lakini huyo naye anatajwa na mtu mmoja tu, mtawa Bede, mwaka 725. Wakati huo Wakristo wa Asia Ndogo na wale wa Roma walishagombana kuhusu tarehe ya Pasaka kwenye karne ya pili, wengine wakitaka tarehe 14 ya mwezi wa Kiyahudi wa Nisani na wengine Jumapili, miaka mia kadhaa kabla Bede hajazaliwa. Sikukuu ambayo watu wanaigombania tarehe mapema hivyo haiwezi kuwa imeazimwa kwa Waingereza.

Mti wa Krismasi nao, watu wanakutolea Yeremia 10 mstari wa 3 na wa 4, mti umekatwa msituni, umepambwa kwa fedha na dhahabu, tayari kesi imefungwa. Wewe endelea kusoma. Mstari wa 5 unasema kitu hicho hakiwezi kusema wala kutembea mpaka kibebwe, na wa 9 unataja fedha ya Tarshishi na mafundi wa kuivalisha nguo. Hiyo ni sanamu ya kuchongwa. Kumbukumbu za miti iliyopambwa sebuleni wakati wa Krismasi zinatoka upande wa Strasbourg, mji ambao leo uko Ufaransa, mwaka 1605 kuna mtu aliandika kwamba wanaipachika waridi za karatasi na matofaa, na kutoka Yeremia mpaka hapo ni zaidi ya miaka 2000. Ukitaka kuukataa mti kwa sababu nyingine ni haki yako, ila mwache Yeremia apumzike.

Tarehe 25 Desemba ni ngumu zaidi, na nawashauri msiamini anayeimaliza kwa sentensi moja upande wowote ule. Kaisari Aurelian alizindua hekalu la mungu wa Kirumi aliyeitwa Jua Lisiloshindwa mwaka 274, na ile kalenda ya Kirumi ya mwaka 354 inaonyesha tarehe hiyo kama siku ya Jua na pia kama siku aliyozaliwa Kristo. Upande wa pili wapo wanaosema Wakristo walihesabu wenyewe, kwamba Yesu alitungwa mimba 25 Machi, ongeza miezi 9 unafika. Wanahistoria wanabishana mpaka leo. Saturnalia, sikukuu ya Warumi ya mungu Saturn ambayo wengine wanaitaja, ndo kabisa, ilikuwa inaanza tarehe 17.

Ukishamaliza historia njoo kwenye swali ambalo mimi naona ndo lenyewe: hiki kitendo leo kinamwelekea nani?

Angalia ubani. Mnamo mwaka 112 hivi gavana Pliny (mpwa wa yule Mzee) anamwandikia kaisari Trajan kwamba akitaka kujua mtu ni Mkristo anamwambia atoe ubani na divai mbele ya sanamu ya kaisari na amlaani Kristo, akikubali anaachiwa. Mwaka 250 chini ya kaisari Decius ikawa ni lazima utoe sadaka kwa miungu halafu upewe cheti, na baadhi ya vyeti hivyo vimepatikana Misri, karatasi za mafunjo kabisa, kimoja ni cha mzee wa miaka 72 mwenye kovu kwenye nyusi ya kulia, anasema siku zote nimetoa sadaka kwa miungu na sasa mbele yenu nimemwaga kinywaji, nimechinja na nimeonja. Kwa watu wa kipindi hicho ubani mbele ya sanamu ulikuwa ni kumkana Yesu, watu walikufa kwa kuukataa. Lakini njoo miaka ya 380 na kitu, msafiri Egeria anaelezea vyetezo vya ubani ndani ya kanisa la Ufufuko Yerusalemu, hakuna aliyeshtuka. Moshi ni uleule ila anayefukiziwa ni mwingine, na tena ubani ulikuwa kwenye hekalu la Wayahudi tangu mwanzo.

Na inaweza kugeuka upande wa pili pia, hili watu hawapendi kulisikia. Nyoka wa shaba alitengenezwa na Musa kwa amri ya Mungu mwenyewe, asili safi kabisa, lakini kwenye 2 Wafalme 18:4 mfalme Hezekia anamvunjavunja kwa sababu watu walikuwa wanamfukizia uvumba.

Kwa mila za nyumbani, hasa za misiba na za watoto wachanga, nenda kwa wazee wanaozifanya, kaa nao kwa heshima na uwaulize: nisipofanya itakuwaje? Wakikwambia watu watakushangaa, au bibi atasikitika, hiyo ni desturi. Wakikwambia marehemu atakasirika au mtoto ataugua, basi hapo kuna anayeombwa na sio Mungu, hapo Mkristo anakataa, kwa upole lakini anakataa. Usidhani jibu huwa linakuja haraka, Kanisa Katoliki lenyewe lilibishana juu ya heshima za Wachina kwa wazazi waliokufa, Papa Klementi XI akakataza, Benedikto XIV akakaza tena mwaka 1742, na ruhusa ikaja mwaka 1939 baada ya kuonekana kwamba kwa wengi ile ilikuwa heshima ya kiraia.

Kuna ndugu watakaokwambia Kumbukumbu la Torati 12:30 imekataza hata kuuliza mataifa waliabuduje, kwahiyo tupa kila kitu. Waheshimu, wamekuwepo siku zote. Massachusetts huko Marekani mwaka 1659 walikuwa wanakutoza shilingi 5 ukisherehekea Krismasi, na Maquaker, kundi la Wakristo lililoanzia Uingereza, walienda mbali mpaka wakaacha majina ya miezi na siku kwa sababu ya miungu kama Mars na Janus (ndiko yalikotoka majina Machi na Januari), wakawa wanasema mwezi wa kwanza, siku ya kwanza. Hao angalau walifika mpaka mwisho wa hoja yao. Anayekupigia kelele kuhusu keki ya bethidei huku anaandika "Machi" kwenye fomu ana kazi bado.

Ukishaamua, soma 1 Wakorintho 8 na 10 pamoja na Warumi 14 kabla hujatangaza. Paulo anakuruhusu kula nyama ya sokoni bila kuhoji, ila aliyekaa nawe akisema hii imetolewa sadaka kwa sanamu, unaacha kwa ajili yake. Kwahiyo mwambie mwenzi wako kwanza, kabla ya grupu la kanisa, na kama unaacha kitu ambacho wakwe zako wanakithamini waeleze mapema, sio siku ya shughuli wageni wameshakaa.