Jinsi ya kuomba cheti cha CER kwa wanaosafisha skopu Marekani

Ndugu zangu mlioko Marekani mnaofanya kazi ya kusafisha skopu, zile kamera za kuangalia tumbo na utumbo, wengi mmeniuliza CER (Certified Endoscope Reprocessor, yaani cheti cha msafishaji skopu) inaombwaje, haya shukeni nami taratibu.

Kinatolewa na HSPA, chama cha wanaosafisha vifaa vya hospitali. Zamani walikuwa wanaitwa IAHCSMM, jina limebadilika 2021, kwahiyo ukikuta notsi zenye jina la zamani ni walewale. Alafu sio lazima uwe na CRCST, cheti chao kingine, kwanza, hapa watu wanachanganya sana, CRCST ni ya vifaa vyote vya upasuaji na inataka masaa 400, CER ni ya skopu na inataka miezi 3 ya kushika kazi kwa mikono yako, hata kama ni patitaimu au unajitolea.

Anza na hiyo miezi 3, fomu baadae. Na uifanye kweli jamani, yaani kila hatua uipitie mwenyewe: kufuta skopu na kuvuta sabuni ndani palepale alipo mgonjwa kabla uchafu haujakauka, kupima kama inavuja, kupiga brashi kila njia ya ndani ya skopu, kusuuza, ndo dawa ya kuua vijidudu, kusuuza tena, kukausha. Dawa haifiki kwenye vijidudu kama kuna uchafu juu yake, ndo maana brashi haina njia ya mkato. Na kukausha ndo naona watu wengi wanaharakisha, wakati ST91 ya 2021, muongozo wa Marekani wa kusafisha skopu, unataka upulize hewa angalau dakika 10, manake maji yakibaki ndani bakteria wanazaliana usiku kucha na mgonjwa wa asubuhi ndo anaingiziwa. Yule ni mama wa mtu. Usimwombe supavaiza asaini miezi ambayo hujafanya.

Ukishatimiza, fungua akaunti kwenye tovuti yao, jaza maombi, weka uthibitisho wa kazi wenye saini ya meneja au supavaiza wako, lipa ada. Hakikisha kila sehemu imejazwa na tarehe zipo, mie fomu yangu ilirudi kwa ajili ya tarehe moja tu.

Sasa jina. Sisi tuna majina matatu, la kwako la baba la babu, na kila karatasi ya huku imeandika kivyake. Kwenye akaunti andika kama lilivyo kwenye kitambulisho utakachobeba siku ya mtihani, herufi kwa herufi, la sivyo unaweza kuzuiwa mlangoni na hela yako imeshaenda.

Wakikukubalia utapata imeili ya kuchagua siku na kituo cha mtihani. Usiikalie, ina siku ya mwisho. Mtihani wenyewe ni maswali ya kuchagua kwenye kompyuta.

Ukifaulu, kila mwaka unahuisha kwa pointi 6 za masomo, anza kuzikusanya mapema na kila cheti cha somo kipige picha ukitunze.