Tinga imekataa kuwaka? Pima kwanza kabla utume mtu Grogan

Hizi saiti za Ruai, Mlolongo na Ruiru nimeona kitu moja sana. Mashine ikikataa kuwaka asubuhi, kabla hata boneti ifunguliwe mtu ashatumwa Grogan, kule kwa spea Nairobi, kutafuta starta. Inaletwa, inafungwa, key inapigwa, mashine inafanya "tk" na kunyamaza vile vile. Mimi mwenyewe nilifanyia loda moja hivyo, kumbe shida ilikua ule waya mnene wa eathi kati ya injini na chasi, umeliwa na kutu chini ya matope ya murram na kwa macho unaonekana mzima. Mwenye mashine hadi leo akiniona ananiuliza starta ni pesa ngapi.

Beba mita, testa ya balbu ya volti 24 (balbu ya kawaida, si LED, juu LED inawaka hata stima ikiwa kidogo alafu unadanganyika), brashi ya waya na msasa. Ndoo iwe chini, mashine isiweze kusonga, na utoe pete na saa mkononi. Spana ikigusa plus na bodi utajua mbona nakuambia.

Alafu muulize opareta kabla uguse kitu. Jana ilizima aje? Kuna mtu amechomelea ndoo? Iliosheka? Kwa eskaveta angalia ile liva ya usalama kando ya kiti, kwa mashine nyingi isipofungwa starta haiitikii kabisa, na nimeshaitwa kutoka Kariobangi hadi Kitengela juu ya hiyo liva tu. Masta switch pia (ile inakata stima yote ya betri), iko on?

Sasa betri. Mashine kubwa nyingi ni volti 24, yaani betri mbili za 12 zimefuatana (bakho kama JCB 3CX ni 12, kwa hivyo usikariri, angalia). Watu wanapima jumla peke yake na hapo ndio wanapotea. Pima kila moja. Betri iliyojaa na imepumzika inasoma kama 12.6, zote mbili 25.2 hivi. Ukipata moja 12.6 na ingine 11.8 tafuta waya wa redio, nakuhakikishia mara nyingi utaupata: opareta amechukua 12 kwa betri moja asikize mziki na achaji simu. Hiyo moja inakwisha pole pole, na altaneta inachaji zote pamoja haijui nani ana njaa, basi mwenzake anachajiwa kupita kiasi hadi anachemka. Unanunua betri mpya mbili, redio inabaki hapo, baada ya muda mnarudi pale pale. Weka konveta ya 24 kwenda 12, mambo yaishe.

Betri zikiwa sawa, mwambie mtu apige key na wewe uko na mita. Jumla isishuke sana chini ya 19. Ikianguka hadi 14 betri zimechoka. Lakini ikibaki 24 na starta haizunguki, stima iko, imekwama tu njiani, na hapa ndio kazi yenyewe.

Weka waya mweusi wa mita kwa minus ya betri, kwa ile risasi yenyewe (kichwa cha betri) si kwa klempu, na mwekundu kwa chuma ya injini. Piga key. Inafaa isome chini ya nusu volti. Ukiona 3 ama 4 basi eathi imekufa, fuata mguu kwa mguu hadi uone ni joint gani. Fanya hivyo pia upande wa plus, kutoka risasi ya betri hadi bolti kubwa ya starta, ukipitia masta switch ambayo ndani huungua bila kuonekana. Na usipime hizo waya nene kwa ohm. Waya ikibaki na nyuzi mbili mita itakuambia iko poa, juu mita inapitisha stima kidogo sana na starta inataka mamia ya ampia. Ni kama daraja ya mbao, boda inapita, lori inaangukia mtoni.

Kama hata "tk" hakuna, pima ule waya mdogo wa starta, ule unaleta stima ya key, wakati key inapigwa. Hauna stima? Rudi nyuma kwa fyuzi, rilei (switch ndogo inayowashwa na stima), switch ya liva na switch ya nyutro. Rilei badilisha na jirani yake inayofanana, ni dakika moja, lakini soma maandishi: ya 12 na ya 24 zinafanana kama mapacha, na ya 12 ukiiweka kwa 24 inaungua.

Fyuzi ikikatika kila saa usiongeze ampia na usifunge waya. Toa fyuzi, weka balbu ya 24 mahali pake. Ikiwaka kali kuna waya inagusa bodi, basi tingisha hanesi (lile fungu la waya) na uchomoe plagi moja moja hadi balbu ififie. Anza chini ya bumu, chini ya kabini na karibu na egzosi. Mashine imelala miezi saiti? Tafuta panya.

Mashine ikiwaka, altaneta isome volti 27.5 hadi 28.5 kwa mashine ya 24.

Skrini ikijaa kodi kumi za makosa mara moja usikimbilie kununua kompyuta ya mashine. Sensa nyingi hushiriki volti 5, moja ikishoti zote zinalia, kwa hivyo chomoa moja moja hadi hiyo 5 irudi. Waya za CAN (zile mbili kompyuta za mashine zinaongelea) pima ohm ukiwa umetoa betri: 60 ni sawa, 120 inamaanisha rezista ya mwisho moja haiko ama waya umekatika.

Kabla ya kuchomelea toa betri na plagi za kompyuta, na klempu ya eathi iwe karibu na pale unachoma. Na wale vijana wa kuosha na presha, waonyeshe plagi ziko wapi, juu wakimaliza hapo wewe ndio utapigiwa simu.